Barua ya wazi kwa wakubwa wa Jiji la Tanga: mbwa wa pagale anatulinda tusilale

Waheshimiwa, wakubwa zangu shikamooni, na mlio rika langu na wadogo habari za kazi. Barua hii ni ya mkurugenzi, meya, madiwani, mabwana afya, mabwana mifugo, watendaji wa kata na mitaa, na yeyote yule jijini ambaye neno mbwa likifika mezani kwake anaweza kulipokea bila kulisukumia meza ya jirani, maana mpaka saivi huyo mtu sijamjua ni nani. Jina langu sitaweka na mtaa sitautaja, jueni tu ni upande wa Ngamiani kwenye barabara za namba, kule nyumba zilivyobanana ukipiga chafya jirani anakuitikia.

Mi napika vitumbua. Ratiba yangu sio ya watu wote, mchele naloweka mchana, jioni unasagwa unaachwa uumuke, saa mbili na nusu usiku nishapanda kitandani na saa tisa niko uani nawasha jiko, maana wateja wangu ni watu wa asubuhi, wavuvi, vibarua, wanafunzi, na mtu wa bodaboda hana subira, ukichelewa kidogo tu kashakula mihogo kwa mwenzio. Kwa hiyo usingizi wangu ni masaa machache na ndo masaa hayohayo mbwa wa pagale yuko kazini. Na sio mi peke yangu, kuna nesi hapa wa zamu ya usiku yeye zamu yake ya kulala ni mchana na mchana nao una mbwa wake, kuna mzee wa presha, kuna binti kajifungua mtoto ndo kwanza ana arobaini, kuna mwanafunzi wa fomu foo anasoma kajifunga kitenge masikioni.

Hilo pagale liko nyuma yetu, nyumba imeishia kwenye lenta, miaka inaenda nyasi zinaota sebuleni. Mwenyewe haishi hapa, anaishi kwenye nafasi huko na upepo wa bahari, ila kaacha mifuko ya saruji na nondo zake humo ndani na kaacha mbwa. Mwanzo alikuwa mmoja, baadae akaongeza wa pili ati wapeane kampani. Mchana wamefungwa mnyororo kwenye nguzo, jua lote lao, jioni mwenye mali anapita na gari anarusha ugali wa dona na dagaa juu ya ukuta, siku nyingine hata injini hazimi, halafu kijana anakuja kuwafungulia usiku. Maji? Kopo la rangi lililokatwa nusu, mvua ikinyesha lina maji, isiponyesha basi. Watoto wetu ndo wanamimina chupa ya maji kupitia tundu la tofali, nani kawafundisha sijui, labda chuoni, yani madrasa, maana kile kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa madhambi yake kila mtoto wa Tanga kakisikia.

Sasa mbwa wa namna hiyo atafanya nini kama sio kubweka. Anabwekea mtu akipita, anabwekea paka, popo kwenye mwembe, bajaji, mfuko wa plastiki ukipeperuka (ambao nao ulishapigwa marufuku tangu 2019 ila ndo tunao bado). Sisi binadamu masikio yetu yanaishia kwenye sauti ya hezi kama 20,000 hivi, yeye anasikia mpaka zaidi ya 40,000, yani kuna vitu vinapiga kelele usiku vinamfikia yeye tu na sisi vinatufikia kupitia yeye. Akianza huyu wa barabara ya nyuma anaitikia, wa yadi ya mbao anapokea, wa kwenye frem za maduka anaongezea, ukikaa unasikia bweko linatembea mpaka linapotelea huko Makorora na kabla halijaisha huyu wetu kashaanza upya. Ikifika adhana ya alfajiri wanaacha kubweka wanaanza kulia ile ya kuvuta, uuuuu, wazee wanasema wameona kitu, wataalam wanasema sauti ndefu inamfanya mbwa aitikie kama anavyoitikia wenzake, mi nasema kama ameona kitu au hajaona mtoto wa siku arobaini kashaamka.

Kwa mwenyewe nilienda. Nilimsubiri jioni na vitumbua vyangu kwenye kisahani, ustaarabu wa kwetu, nikamwambia baba habari za kutwa, naomba tuongee kuhusu huyu mnyama. Akanisikiliza vizuri tu akala na kitumbua, akasema "mama, mbwa kazi yake si ndo kubweka, akinyamaza si mtaniibia?" Nikamwambia baba mtu akibweka usiku kucha huyo halindi, huyo anaumwa au ana njaa. Akacheka. "Basi mama hamia Pangani, kule kimya." Hilo la Pangani amelirudia kwa watu watatu wanne, nadhani analipenda.

Na wezi walikuja kweli. Waliingia usiku wakabeba nondo zake, mbwa wakabweka kama kawaida yao, na sisi kama kawaida yetu tukajifunika shuka. Nani angetoka? Mbwa anayebweka kila dakika hana tena la kukwambia siku ya siku. Asubuhi akaja mbio anauliza ina maana hamkusikia? Tulisikia baba, tunasikia kila siku. Badala ya kuelewa ndo akaongeza huyo mbwa wa pili.

Basi nikaanza kuja kwenu. Nilianzia mtaani kwa kijana mmoja ana adabu sana ananiita mama, akasema mama hiyo ni ya mifugo. Mifugo wakasema wao ni chanjo na magonjwa, kelele ni afya. Afya wakasema kelele ni mazingira. Mazingira wakasema andika barua, nikaandika, barua ikarudishwa mtaani ili mtaa utoe maoni yake, na kule kwa kijana wangu wa adabu maoni yakawa kwamba hiyo ni ya mifugo. Nikaingia na kituo cha polisi, huko wao walikuwa na swali moja tu: "Ameng'ata mtu?" Hajang'ata. "Basi mama akishang'ata njoo." Wallahi nilitoka pale nacheka mwenyewe barabarani watu wananiangalia. Siwataji na sina ugomvi na mtu hata mmoja kati yao, kila mmoja kwa meza yake alikuwa sawa, tatizo ni kwamba ukizijumlisha hizo meza zote mbwa hayupo kwenye hata moja.

Kuna mtoto wa dada yangu anasoma, akanitafutia sheria, akaniletea orodha nikashangaa. Kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ambayo inamtaka mwenye mnyama ampe chakula, maji, matunzo, asimtese. Kuna Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Kuna Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inayoongelea kero, kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na chini yake kanuni za 2015 za kelele na mitetemo, ambazo viwango vya usiku vinabana kuliko vya mchana, na tumeona NEMC, wale wa baraza la taifa la mazingira, wakifungia baa na kumbi za starehe kwa hizohizo kelele. Kanuni ya Adhabu nayo ina usumbufu kwa watu. Na nyie wenyewe halmashauri mna nguvu ya kutunga sheria ndogo tangu ile sheria ya mamlaka za miji ya 1982. Sheria zote hizo na mbwa wawili! Baa ina jina, ina leseni, ina mwenyewe wa kumshika. Mbwa wa pagale hana karatasi hata moja inayosema ni wa nani, siku akikosea mwenyewe anasema huyo wala sio wangu ni mbwa koko tu kaingia, na usiku ukifika anamfungulia.

Wazee wa Tanga mnakumbuka baiskeli ilikuwa inalipiwa leseni na inabandikwa kibati, ukikamatwa bila kibati unaiacha pale unarudi kwa miguu. Baiskeli jamani, ambayo haibweki, haing'ati, haizai watoto sita chini ya karandinga bovu. Leo mbwa anafugwa katikati ya mji hata jina lake halijaandikwa kwenye daftari la mtaa.

Na nikishataja baiskeli niseme na hili, maana kelele ni nusu ya habari. Mji wetu huu ni wa baiskeli kila mtu anajua. Alfajiri watu wanatoka, mwenye maziwa, mwenye mikate, mwenye samaki, na mbwa aliyefunguliwa usiku kuna nyumba hawamrudishi mpaka jua litoke, wanamwacha nje ajitafutie kwenye majalala. Mbwa na tairi la baiskeli mnajua wenyewe. Mwenye mikate kaanguka hapa kona mikate yote kwenye mchanga, mwenye mbwa kachungulia dirishani kasema "hang'ati huyo, anacheza tu." Wazee wanaoenda swala wanatembea na bakora, kwa mbwa sio kwa uzee, na hata asipokugusa kwa meno akikulamba au akikutikisia mate kwenye kanzu kwa sisi Waislamu tunaofuata madhehebu ya Shafi hiyo ni kuosha mara saba moja kwa udongo, sasa mzee wa watu alfajiri ile arudi nyumbani aanze upya, swala ya jamaa imempita. Majirani zetu Wakristo nao wanaenda misa ya kwanza wanakimbizwa vilevile, kwa hiyo asije mtu akasema ni mambo ya dini. Dini yenyewe haijakataza mbwa wa kulinda au wa shamba au wa mifugo. Tena tuna msemo tangu mababu, ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini, hapa kwetu tumefika mahali hatujacheza naye na bado tunaingia naye.

Hapa naomba mnisome taratibu kidogo. Kuna mtoto alikwaruzwa na meno akitoka chuoni, sio sana, ngozi ilichubuka tu damu ikatoka kidogo. Mama yake alikuwa anataka kupaka mafuta ya taa, bahati nesi wetu alikuwa yuko macho (kwa sababu ya mbwa, mchana ule) akamwosha kwa sabuni na maji ya bomba yanayotiririka dakika kumi na tano kwa saa, akawaambia hospitali sasa hivi hamna kusubiri. Tukamfuata mwenye mbwa, amechanjwa? Amechanjwa. Kadi iko wapi? Kadi ipo. Ipo wapi? Aah, ipo. Mpaka leo hiyo kadi ipo. Mtoto akachomwa dozi zote kwa tarehe walizompangia, hela ya mama muuza mchicha, nauli juu, na mwenye mbwa kachangia pole.

Kichaa cha mbwa sio hadithi. Makadirio yanayotajwa ni kwamba Tanzania inapoteza watu kama 1,500 kwa mwaka kwa ugonjwa huu, na karibu wote duniani wanaoupata wanaupata kwa mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kuogopa maji na mengine, karibu hakuna anayepona. Na zinaweza kukaa miezi miwili mitatu ndo zitokee, watu washasahau hata kama kulikuwa na mbwa. Wakati huohuo chanjo ya mbwa ni sindano ya mara moja kwa mwaka. Wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi ugonjwa unakosa pa kupita, ndo kipimo wataalam wanachotumia. Na msiseme haiwezekani kwetu, Pemba hapo ng'ambo, siku hewa ikiwa safi ukisimama ufukweni unasema karibu uione, walichanja mbwa wao ugonjwa ukaisha, chanjo ikalegalega ukarudi, wakachanja tena ukaondoka. Sisi kila 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, gari la matangazo linapita, wanaowapeleka mbwa wao ni walewale wenye mbwa wapole wana mikufu shingoni. Mbwa wa pagale nani atampeleka? Mwenyewe yuko kwenye upepo wa bahari.

Sasa nije kwenye kinachonitia hofu kuliko hata kelele, na ndo sababu nimechelewa kuandika. Kila mkisikia mbwa wamezidi, ninachoona nchi hii halmashauri nyingi zinafanya ni kutuma mtu na bunduki. Tangazo la siku mbili, fungieni mbwa wenu, halafu alfajiri inasikika paa, paa, watoto wanaamka wanakuta damu kwenye mtaro. Waheshimiwa hicho sicho ninachoomba. Mkimpiga huyu risasi, mwenye pagale Jumapili kaleta wengine wawili, wadogo, hawajachanjwa, na tunaanza kwenye sifuri. Mnamuua aliyefungwa mnyororo mnamwacha aliyemfunga. Na vijana wa mtaani kwangu wao washaanza maneno ya sumu, ya kutia dawa kwenye utumbo warushe ukutani, nikawaambia thubutuni, kuna kuku za watu hapa, kuna paka, kuna watoto wanaookota kila kitu, na huyo mnyama mwenyewe kawakosea nini, kazaliwa akafungwa. Wamenisikia kwa sasa. Ila mtu asipolala muda mrefu anaanza kuwaza vitu ambavyo mchana angeviogopa, sasa mkae mkijua kwamba hiyo sumu haiko mbali.

Ninachoomba mi ni kidogo na hakina gharama ya barabara ya lami. Mbwa aandikishwe mtaani kama mpangaji anavyoandikishwa, jina la mwenyewe na simu yake na kadi ya chanjo, hana kadi hana mbwa. Kiwanja kisicho na mtu anayelala hapo usiku kisiwekwe mbwa peke yake, full stopu, akitaka ulinzi aajiri mlinzi, vijana wamejaa hawana kazi na mlinzi akiona mwizi anajua kupiga simu. Mbwa wa kufunguliwa usiku afunguliwe ndani ya ukuta wake na geti limefungwa, sio afunguliwe mtaa mzima. Akibweka mpaka majirani wakalalamika mwenyewe aitwe, aonywe kwa maandishi, akirudia faini, na faini iwe ya kuuma, maana ya elfu mbili tatu mtu wa pagale anaitoa mfukoni huku anaongea na simu. Najua mtu ataniuliza vipi kuhusu mbwa wa bibi fulani asiye na uwezo. Huyo bibi mbwa wake namjua, analala mlangoni, akibweka bibi anatoka anamwambia nyamaza na ananyamaza. Sijawahi kusikia mtu amlalamikie. Mbwa mwenye mtu wake karibu sio tatizo letu hapa Ngamiani, tatizo ni mbwa aliyewekwa mahali kama kufuli.

Ila kubwa kuliko vyote nataka jina. Jina moja la afisa mmoja na namba moja ya simu, libandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya mtaa, huyu ndo wa mbwa. Awe wa mifugo, awe wa afya, awe wa mazingira, hilo mtakubaliana wenyewe huko ndani na chai yenu, sisi wananchi haituhusu. Tanga imekuwa jiji tangu 2005, jiji zima linaweza kukosa mtu mmoja wa kupokea simu ya mbwa?

Na huyo mtakayemteua, nawaomba kwa heshima zote, akija kukagua asije saa nne asubuhi na fomu yake. Walishawahi kuja saa nne, mbwa wamelala kivulini ulimi nje, wakaandika "hali ni shwari" wakaondoka, wakaninunulia na vitumbua. Aje saa nane za usiku. Mi ntakuwa macho, pagale ntamwonyesha, na kiti cha kukalia uani kipo.

Mama vitumbua,
Ngamiani, Tanga